Koti langu liko ofisini, mimi niko nyumbani

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia saa tano usiku. Mama yangu amelala, mke wangu yuko zamu, na kompyuta ya ofisi nimeizima dakika kumi zilizopita. Nina miaka 39. Nimeajiriwa idara ya uhasibu katika kampuni ambayo si kubwa wala si ndogo, na mwaka huu natimiza miaka tisa hapo.

Miaka miwili iliyopita mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote. Tuna mtu wa kumhudumia asubuhi, lakini ikifika saa saba na nusu mchana anaondoka. Mke wangu hapangi zamu zake, anapangiwa. Ndugu zangu wawili wako mbali. Wanapiga simu, Mungu awabariki. Nikamwendea meneja wangu wa wakati ule, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ingia mapema, toka saa saba, kilichobaki malizia nyumbani usiku. Mradi hesabu zifungwe kwa wakati." Tukapeana mikono. Hatukuandika popote.

Tangu siku ile naingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natoka saa saba mchana, na saa mbili usiku nakaa tena kwenye kompyuta mpaka saa nne. Ukitoa nusu saa ya mapumziko, ni saa 40 kwa wiki, kama mtu mwingine yeyote. Sijawahi kuchelewa kufunga hesabu za mwezi hata mara moja. Mchana nafanya mazoezi ya mkono na mama. Sasa anajifungia vifungo vya gauni mwenyewe. Cha kwanza anakiweza, cha pili anakiweza. Cha tatu bado kinamshinda, na ukinyoosha mkono kumsaidia anakupiga kofi.

Sasa biashara imekuwa mbaya. Wateja wetu wawili wakubwa wamesitisha oda, na wengine wanalipa kwa kusukumwa. Najua kwa sababu madeni yao yanapita mikononi mwangu. Miezi minne iliyopita walipunguzwa watu 14, na meneja wangu alikuwa mmoja wao. Aliyekuja baada yake ametoka idara ya mauzo, na ni mtu anayependa kuona watu mezani kwao. Hajawahi kuniuliza habari za saa zangu. Nami sijamwambia.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Tangu wale 14 waondoke, nimekuwa nikiacha koti langu limetundikwa kwenye kiti. Nafungua daftari, naweka kalamu katikati ya ukurasa, kama mtu aliyeinuka mara moja na anarudi. Kisha naondoka. Wiki iliyopita kuliitishwa kikao cha ghafla saa tisa alasiri. Bosi alipita mezani kwangu akauliza, "Koti lipo, mwenyewe yuko wapi?" Mwenzangu mmoja akamjibu kwamba nimeenda msalani. Alinisimulia kesho yake huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Jumatatu tukagawiwa fomu. Anayetaka kupunguza saa kwa hiari ajaze: siku tatu kwa wiki, mshahara asilimia 60, "hadi hali ya biashara itakapotengemaa". Mwisho wa kurudisha ni mwisho wa mwezi. Hakuna aliyelazimishwa, ila kuna wanaonong'ona kwamba asiyejaza ndiye atakayeongoza orodha ijayo. Wengine wananong'ona kinyume, kwamba anayejaza amekiri mwenyewe kuwa kazi yake inatosha siku tatu, kwa hiyo amejichimbia kaburi.

Mke wangu sijamwambia habari za fomu. Ana mawazo ya kutosha.

Nijaze? Au nirudi kwenye saa za kawaida, nionekane kama wenzangu, na kumtafutia mama mtu wa mchana kwa mshahara ambao sijui kama nitakuwa nao? Au ninyamaze nimwombe Mungu upepo upite?

Mwana wa Mama

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye lile koti. Niruhusu nianzie hapo, fomu tutaifikia.

Umeniandikia kana kwamba saa zako ndizo zinazokuweka hatarini. Lakini ukiisoma barua yako mwenyewe, hizo saa hazina kosa. Ni saa 40. Mkubwa wako aliziridhia. Hesabu zinafungwa kwa wakati. Ulichokuwa nacho ni mapatano halali kati ya mtu na meneja wake, mapatano ambayo mtu angeweza kuyaeleza mbele ya yeyote bila kumeza mate. Koti ndilo lililoyageuza yakafanana na utoro. Leo bosi akikuita, hutaanza kwa kumweleza habari za mama yako. Utaanza kwa kueleza koti. Na yule mwenzako, kwa wema tu, amekwisha kusema uongo kwa niaba yako. Sasa mko wawili.

Sikukemei. Ofisi ikipunguza watu 14, waliobaki hufanya mambo ambayo mwaka mmoja kabla wangeyaona ya kichekesho. Na hofu yako si ya hewani. Kuna utafiti uliofanywa katika kampuni ya safari ya China, Ctrip, ukiongozwa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliokubali kujaribu waligawanywa kwa kura, wengine wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki na wengine wakabaki ofisini, kwa miezi tisa. Wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Lakini ulipopimwa upandishaji vyeo, kwa kiwango kilekile cha utendaji, wao waliachwa nyuma. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi nyingi zaidi na bado asikumbukwe kwa sababu haonekani. Ulipotundika koti ulikuwa unajaribu kuziba tundu ambalo kweli lipo. Tatizo ni kwamba koti halifungi hesabu, na bosi wako mpya hajui kwamba wewe unazifunga saa nne usiku. Anachojua ni kiti.

Tuje kwenye fomu. Wazo lenyewe, kupunguza saa badala ya kupunguza watu, ni la siku nyingi na limewahi kuokoa ajira kweli. Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulisinyaa kwa takriban asilimia 5, na bado idadi ya wasio na kazi haikupanda sana. Sababu mojawapo ni kwamba waajiri walikata saa badala ya kukata vichwa. Katikati ya mwaka ule watu wapatao milioni moja na nusu walikuwa kwenye saa pungufu. Wengine walikuwa na akiba ya saa: kazi ya ziada waliyoifanya biashara ilipokuwa nzuri iliandikwa kwenye hesabu yao, na hali ilipokuwa mbaya wakaitumia kupumzika huku mshahara ukiingia. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1993, Volkswagen na wafanyakazi wake walipatana kushusha wiki ya kazi kutoka saa 36 hadi 28.8, kuokoa kazi za watu wapatao 30,000.

Nakutajia haya si kwa ajili ya kukushawishi ujaze. Nataka uangalie kilichokuwa upande wa pili wa mizani. Ujerumani, serikali ilifidia sehemu ya mshahara uliopotea, asilimia 60, na 67 kwa mwenye mtoto. Volkswagen iliahidi kwa maandishi kwamba katika muda wa mapatano yale, miaka miwili, hakuna atakayeachishwa kwa sababu za kibiashara. Wafanyakazi walitoa saa, wakapewa kitu. Katika fomu uliyonielezea nimetafuta hicho kitu sikukiona. Huenda kipo nyuma ya karatasi, na kama kipo nitafurahi. Unatoa asilimia 40 ya mshahara wako, wao wanatoa nini? Nani kasema aliyejaza hatapunguzwa mwezi ujao? Na hali "kutengemaa" nani ataitangaza, kwa kipimo gani? Fomu isiyo na tarehe ya mwisho inaweza kugeuka mkataba wako mpya wakati wewe bado unaiita ya muda.

Kuna jambo lingine ambalo mhasibu kama wewe angeliona mara moja kama karatasi hii ingekuwa ya mtu mwingine. Ukipunguzwa baadaye, kiinua mgongo chako kitapigwa kwa mshahara upi, wa sasa au ule wa asilimia 60? Sehemu nyingi hupigwa kwa mshahara wa mwisho. Mtu anaweza kuisaidia kampuni yake kwa miezi sita, kisha akalipwa miaka tisa yote kwa kipimo cha hiyo miezi sita. Michango ya pensheni nayo hufuata mshahara, na siku za likizo mara nyingi hufuata siku za kazi. Uliza, na uombe jibu la maandishi. Ukijibiwa "hilo tutaliangalia", ujue halijaangaliwa.

Na kazi yenyewe je? Watu wakipungua siku, hesabu za mwezi hazipungui kurasa. Nimewahi kuona walioingia siku tatu wakabeba kazi ya siku tano, na zile mbili za kupumzika wakazitumia kujibu simu za ofisi.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni hiki. Fomu inakupa siku. Wewe unachohitaji ni mchana. Siku tatu kamili kwa saa za kawaida maana yake mama yako atakuwa peke yake michana mitatu kila wiki, na wewe utakuwa umelipia upweke huo kwa asilimia 40 ya mshahara. Sijui kama umeliona hilo. Nadhani neno "kupunguza saa" limekuvutia kwa sababu umechoka, na nani asingechoka? Basi piga hesabu nyingine. Saa zako za asubuhi peke yake, kwa siku tano, ni 30. Hiyo ni robo tatu ya wiki. Kama kampuni inatafuta kwa dhati kuokoa fedha, inaweza kusikiliza mtu anayesema: nipeni asilimia 75, nifanye asubuhi zote tano, usiku uwe wangu, na mapatano haya yaishe tarehe fulani. Ungepoteza robo, ungepata usiku wako na mkeo. Je, nyumba inaweza kubeba pengo la robo? Mimi siwezi kujua. Wewe na mke wako mnaweza, mkikaa na karatasi. Hata hivyo hatari za kiinua mgongo na kazi isiyopungua zinabaki zilezile, kwa hiyo maswali yaleyale yaulizwe.

Kurudi kwenye saa za kawaida nako usikutupe haraka, ingawa naona moyo wako hauko huko. Kungekuondolea hofu ya kutoonekana, angalau. Sina hakika kungekupa usalama unaoufikiria. Wale 14 walioondoka hawakuwa watoro. Meneja wako wa zamani, nadhani, alikuwa mezani kwake kila siku saa kumi na moja jioni. Wateja wakubwa wakisitisha oda, orodha inaweza kuandikwa kwa kuangalia idara, gharama au ukubwa wa mshahara, na viti vilivyojaa visiokoe mtu.

Ukitaka kuipima njia hiyo, itakubidi uulize swali ulilolipita kwa sentensi moja yenye kijembe: wale ndugu zako wanaopiga simu. Umewahi kuwaambia mchana mmoja wa mama unagharimu nini? Sizungumzii lawama, nazungumzia kiasi, kwa mwezi, kimeandikwa. Mtu wa mbali mara nyingi hasaidii kwa sababu hajatajiwa kitu cha kusaidia. Ameambiwa tu "tunaendelea vizuri". Huenda watakwepa, nawe utaumia. Lakini kwa sasa unaendesha hesabu za nyumba nzima ukiwa umeacha safu mbili tupu kwa kudhani ni sifuri.

Kunyamaza nako ni njia, wala sitajifanya si njia. Ukizungumza na bosi wakati orodha inapikwa, unaweza kujisogeza mwenyewe kwenye mwanga. Anaweza kusema hapana. Anaweza kusema mapatano ya mdomo yaliondoka na aliyeyatoa. Ukinyamaza, unabaki kwenye kivuli, lakini ni kivuli ambacho kikao kimoja cha saa tisa tayari kimeshakitikisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa na bosi wa kutoka idara ya mauzo.

Kama utaamua kusema, huhitaji hotuba. Mistari michache ya barua pepe inatosha, asubuhi, kabla hajaitisha kikao kingine. Kwa mfano: "Nilikubaliana na meneja aliyetangulia kwamba nafanya kazi ofisini kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, kisha nyumbani saa 2:00 hadi saa 4:00 usiku, kwa sababu ya kumhudumia mzazi mgonjwa. Tangu wakati huo hesabu za kila mwezi zimefungwa kwa wakati. Ningependa mapatano haya yawe kwenye maandishi, na niko tayari kupatikana kwa simu mchana kukiwa na dharura. Naomba dakika kumi tuzungumze." Koti usilitaje kwenye barua. Akiuliza, mwambie ukweli kwa kifupi: uliogopa. Watu wa mauzo wanaijua hofu ya namba zinazoshuka. Huyu naye ameletwa kwenye kiti cha mtu aliyepunguzwa, usidhani analala.

Kabla ya kutuma, tafuta mkataba wako wa ajira na uusome kifungu cha saa za kazi. Wengi wetu huusaini na kuuweka kabatini. Tazama pia kama meneja wa zamani aliwahi kukutumia ujumbe wowote unaogusia zile saa, hata ule wa "ukifika nyumbani nitumie zile namba". Hilo nalo ni andiko. Na muulize mtu wa chama cha wafanyakazi, kama kipo, au ofisi ya kazi, sheria yenu inasemaje kuhusu upunguzaji. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Si nchi zote zimeuridhia, na hata zilizouridhia, mwajiri anayekata watu kwa sababu ya uchumi anaweza kutaja sababu nyingine. Usiutegemee kama ngao. Ila ni vizuri mtu ajue kwamba kumtunza mama si kosa alilobuni peke yake.

Nimebakiza mkeo. Umesema ana mawazo ya kutosha. Naona hilo linatoka kwenye upendo. Lakini nyumbani nako umetundika koti, mwanangu. Kila usiku anakuona umekaa kwenye kompyuta na anadhani mambo ni yaleyale ya siku zote. Mshahara ukishuka kwa robo au kwa asilimia 40, atajua siku unapoingia, na swali lake la kwanza halitahusu pesa. Tena yeye ni mtu wa zamu; huenda akawa anajua namna ya kubadilishana michana na wenzake ambayo wewe hukuwahi kuifikiria, kwa kuwa hukumuuliza.

Una siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Fomu haina haraka hiyo unayoisikia kwenye minong'ono ya ofisini, na wanaonong'ona pande zote mbili hakuna aliyeiona orodha.

Niandikie tena, hata kama utakuwa umeamua tofauti na unavyodhani mimi ningependa. Nisalimie mama, na uniambie kile kifungo cha tatu kimefikia wapi.

Mama Mshauri